Nijenge Kwanza Mimi

Kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Tulizaliwa wavulana wawili, mimi na mdogo wangu, na baba alipofariki, boma lilibaki na nyumba ya mama peke yake. Mimi nikijenga nyumba yangu ya ujana, ile tunayoiita simba, upande mmoja wa lango, yeye anaweza kujenga yake upande wa pili. Nisipojenga, anakaa. Hata awe na pesa, hata awe na mke na mtoto, anakaa. Akimleta mke bomani hana pa kumlaza, kwa sababu mke hawezi kulala katika nyumba ya mama mkwe. Hakuna aliyetuketisha akatufundisha mambo haya. Tulikua tukiyajua, kama unavyojua mlango wa kwenu hufungukia upande gani.

Nalieleza hili mapema kwa sababu mtu akisikia kwamba nilikuwa nabeti, hufikiri habari yangu ni ya mpira. Si ya mpira. Ni ya mdogo wangu kusubiri.

Nilimaliza darasa la nane nyumbani, karibu na ziwa, nikaja Nairobi kwa mama mdogo. Yeye anauza omena, dagaa wa kwetu ziwani, Kisumu Ndogo, Kibera, karibu na kanisa moja na baa mbili. Nilibeba mizigo, nikaosha magari, nikachanganya simiti. Lakini mimi ni mtu wa haya. Kwenye mjengo asubuhi watu hupigania kazi kwa mdomo. Unamwita msimamizi mkubwa, unamchekesha, unamkumbusha jinsi ulivyobeba mawe jana bila kupumzika. Mimi nilikuwa nasimama tu pale langoni mikono ikiwa mfukoni. Mara nyingi jua lilinikuta nikirudi nyumbani, sijachaguliwa, viatu vikiwa safi.

Kubeti hakukuhitaji mdomo. Nilianza kama wengine, kwa kubahatisha timu kubwa. Baadaye nikaanza kuangalia ligi ndogo za nchi ambazo singeweza kuzionyesha kwenye ramani, mahali ambapo hakuna mtu wa Kibera anayejua kipa ameumia au kocha amefukuzwa. Nilisoma kwa simu, polepole, neno kwa neno, kwa Kiingereza changu cha shule ya msingi. Nilichagua mechi chache. Niliposhinda sikupiga kelele. Watu wakaanza kuniangalia. Wakaanza kuja na simu zao, wakikaa kando yangu kwenye benchi la kinyozi, wakiniuliza leo tunaweka nini. Wakiokota kitu walinirushia changu. Waliniita dakta.

Kwa karibu miaka miwili sikufanya kazi nyingine. Nilikodi chumba changu, nikanunua kitanda na simu nzuri. Nilitembea katikati ya njia. Watu wazima walinisalimia kwanza. Haya yangu haikuisha, lakini ilikuwa kama koti ambalo mtu amelivua na kulitundika mlangoni.

Katika siku hizo nilikuwa na pesa za kutosha kujenga. Hili ndilo linaloniudhi kuliko mengine, nikiwa na nguvu za kuudhika. Mama alinipigia akasema, "Jenga hata ndogo. Weka mabati meupe, weka mlango, basi." Nikamwambia mabati meupe ni ya watu wa zamani. Nilitaka yale ya rangi ya damu ya mzee, yenye migongo mipana, na vioo madirishani, na mfereji wa maji ya mvua. Mama akawaambia majirani. Majirani wakawaambia watu wa kanisani. Kijiji kizima kikawa kinangojea paa jekundu.

Mdogo wangu anachomelea milango na madirisha Soweto West, huko huko Kibera. Wakati ule alikuwa ameshaanza kuishi na msichana kutoka upande wa Magharibi, mtulivu, anayesuka nywele. Alikuja chumbani kwangu siku moja akaketi kwenye kitanda changu kipya, akakijaribu kwa makalio.

"Bro, weka hata kachumba," alisema. "Hata ka kuku. Mimi nipite."

"Ngoja msimu uishe tujenge ya maana."

"Ya maana ni gani? Nyumba ni kuingia na kutoka."

"Ngoja," nikamwambia. Naye akangoja, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa.

Pesa hazikuisha siku moja. Zilianza kupungua kama maji ya mtungi wenye ufa, huoni yanapotokea. Nilikosa mechi moja, nikaongeza kwa nyingine ili nirudishe. Mwanzoni niligusa pesa za chakula tu. Baadaye nikagusa zile za mabati, nikijiambia nimeziazima. Ya mwisho ilikuwa mechi ya nchi fulani kulikokuwa na theluji. Nilikuwa kibandani nikila chapati na maharagwe. Nikaona bao limeingia upande usiofaa. Nikamaliza chapati. Mama wa kibanda akaniuliza kama naongeza chai, nikasema ndiyo, nikainywa yote. Sikulia wala sikutetemeka. Nilikuwa nimesikia watu wakisema moyo hupasuka, nami niliketi pale nikingoja upasuke ili nijue nifanye nini. Haukupasuka. Nikalipa, nikaenda kulala.

Kesho yake nilikwenda Soweto West. Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa juu ya fremu ya dirisha, miwani myeusi usoni. Nilisimama mpaka akaniona.

"Sasa, bro."

"Poa. Zile za mabati zimeisha."

Alivua miwani. "Zimebaki ngapi?"

"Hakuna."

"Hakuna kama hakuna, ama hakuna kama ziko kwa mkeka wa mechi?"

"Hakuna."

Aliangalia lile dirisha. Kisha akacheka, lakini kwa pua tu. "Mamake amenipigia jana. Mama ya huyu wangu. Anasema Krismasi ikifika kama sijaonyesha kwangu, anakuja kuchukua msichana wake na mtoto wake." Wakati huo mtoto alikuwa ameshazaliwa, wa kike, hajaanza kuketi. "Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kakangu ni dakta."

Nilisogea karibu na ile fremu.

"Simama mbali na moto," akasema, akavaa miwani, akaendelea na kazi.

Kuanzia hapo nilijua kitu kimoja tu, na mpaka Krismasi sikuhitaji kujua kingine. Nisipojenga, mdogo wangu atapoteza mke na mtoto.

Lakini kujua si kusikia. Nilikijua kama ninavyojua jina la waziri. Niliamka, nikanawa, nikakaa kwenye benchi la kinyozi kwa sababu miguu ilizoea. Watu waliokuwa wameweka pesa kwa neno langu na kupoteza hawakunipiga, kama nilivyotarajia. Walinifanyia utani tu, na utani ulichukua muda mrefu zaidi.

"Dakta, toa dawa!"

"Mwacheni, yeye ndiye mgonjwa siku hizi."

"Dakta, mimi wiki hii sitaki ushauri. Nataka tu uniambie ile timu unaipenda, niweke ile ingine."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nilitabasamu. Kinyozi alizima mashine akaniambia kwa sauti ya chini, "Kijana, hama hapa. Ukikaa hapa utabeti tu."

Mama mdogo ndiye aliyenitafutia kazi Kawangware, kwa fundi wa viti aliyemjua kupitia kanisa. Mzee huyo ni Mluhya, mnene, na huongea tangu anapofungua mlango wa karakana mpaka anapoufunga. Huongea hata akiwa na misumari midogo mdomoni, akiitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Kazi yangu ilikuwa kuvua. Kiti cha zamani kikiletwa, mimi nakilaza tumbo juu, nang'oa pini kwa koleo, navua kitambaa, navua sponji, navua magunia, mpaka zinabaki mbao tupu. Kisha fundi anakivalisha upya. Viti vya watu vina vitu ndani. Nilitoa vijiko, vichana, kalamu, meno ya mtoto yaliyofungwa kwa karatasi, rozari. Sheria ya fundi ni kwamba kila kitu kinatiwa kwenye mfuko na kurudi na kiti.

Ile kazi ilinifaa kwa sababu haikuniuliza naona nini wala nafikiri nini. Pini inang'oka au haing'oki. Fundi alinichukulia kama redio iliyoharibika ambayo mtu hajaamua kuitupa.

"Wewe kijana, siku nikianguka hapa nife utamwita nani? Si utaendelea tu kung'oa pini mpaka ninuke?"

"Nitaita watu."

"Ah! Leo ameongea. Andikeni!"

Wiki ya kwanza alinitumia pesa kwa simu jioni. Nilikuwa nimesimama karakana bado, napangusa vumbi la sponji kwenye mikono, na kabla sijafika nyumbani zilikuwa zimeisha. Sikukumbuka kuamua. Vidole vilikwenda vyenyewe, kama vile unavyojikuna. Niliuza ile simu nzuri nikanunua kabambe ya vitufe. Pesa ya mauzo ikaenda njia ile ile, kwa sababu hata kabambe inaweza kubeti kwa ujumbe. Ndipo nikaelewa kwamba tatizo halikuwa simu. Pesa ikiwa haina umbo, mimi siwezi kuishika.

Ilinichukua wiki nzima kutafuta maneno. Nilikuwa nayasema moyoni nikivua viti, nikifika kwa fundi yanakwama.

"Fundi."

"Sema."

Nikang'oa pini nyingine.

"Umeniita ama umepiga chafya?"

"Usinilipe kwa simu."

"Nikulipe na nini, kuku?"

"Mabati."

Alitema misumari kwenye kiganja. Nilijua ameshangaa, kwa sababu huwa haitemi hata akiongea na askari wa kanjo, wale wa jiji. Aliniuliza mabati ya nini. Nikamweleza, kwa shida, habari ya lango na pande zake mbili, na mdogo wangu, na yule mama mkwe. Habari ya kubeti nilimweleza mwisho na kwa kifupi. Nadhani alikuwa ameshaijua kutoka kwa mama mdogo.

"Na huyo mdogo wako amengoja?"

"Anangoja."

"Na mke yuko?"

"Yuko. Na mtoto."

Akarudisha misumari mdomoni. "Hiyo haichekwi," alisema. Na kweli siku hiyo hakunitania tena.

Kuanzia hapo, kila Jumamosi tulitembea pamoja mpaka duka la vifaa vya ujenzi. Fundi ndiye aliyelipa. Mimi nilipewa mkononi pesa ya chakula na ya kodi tu. Nilibeba bati kichwani, lililokunjwa kidogo katikati, likipiga kelele barabara nzima kila nilipokanyaga vibaya, mpaka nyuma ya karakana ambako fundi alinipa ukuta wa kuliegemeza. Mwenye duka hakuelewa.

"Kijana, si ungoje upate zote, ununue mara moja nikufanyie bei?"

Nilimwangalia fundi.

"Huyu hula kidogo kidogo," fundi akamjibu. "Akishiba anatapika."

Nimefikiria sana kwa nini njia hii ilifaulu, maana mtu anaweza pia kuuza bati. Watu wa besi yangu ya zamani, pale kwa kinyozi, wameuza hadi sufuria. Nafikiri ni haya yangu. Ili niuze bati ningelazimika kulibeba tena kichwani mchana, likipiga ile kelele, nipite mbele ya wauza mboga na wenye bodaboda, niende nimwambie mtu, "Nunua." Aniulize kwa nini naliuza. Nimjibu. Singeweza. Ile tabia iliyoninyima kazi kwenye mjengo ndiyo iliyolinda mabati yangu. Sikujipongeza kwa hilo. Niliona tu kwamba ndivyo ilivyo.

Wala sikufurahi yakiongezeka. Mtu angedhani kila Jumamosi ningejisikia mwepesi. Niliyaegemeza, nikayafunga mnyororo, nikaenda kununua ugali na sukuma. Wikendi, ukumbi wa kuonyesha mpira ulio nyuma yetu ulipopiga kelele, mikono yangu ilisimama kidogo juu ya pini, halafu ikaendelea. Kuna mara mbili tatu nilibeti pesa ya chakula, nikashinda mara moja, na kushinda kule nako hakukuwa na ladha. Niliacha, si kwa nguvu, bali kama mtu anavyoacha kutafuna kitu kilichoisha utamu.

Shida yangu kubwa ilikuwa kuchagua. Zamani nilichagulia watu wengi, na sasa sikuweza kuchagua nyanya. Nilisimama mbele ya mama mboga nikiangalia mafungu yaliyolingana mpaka akanipa moja mwenyewe, akasema, "Hili ni lako, enda." Kila nilipotaka kuamua jambo, hata la kupita njia hii au ile, niliona nafasi ya kukosea ikiwa imeandikwa kando yake kama ilivyoandikwa kando ya timu. Niliona heri nibaki pale nilipo.

Mwezi wa kumi na moja mdogo wangu alikuja Kawangware. Alikuwa hajawahi kufika pale karakana. Alikuja na begi la vyuma vyake begani na vumbi la njia kwenye nyusi, akamsalimu fundi, akanisalimu mimi, akabaki amesimama.

"Nimekuja kukuambia," alisema. "Krismasi naenda nyumbani kujenga. Wewe utajenga siku utakuwa tayari."

Fundi aliyekuwa akipima kitambaa aliacha kupima.

"Kabla yangu?" nikauliza.

"Kabla yako."

"Mama umemwambia?"

"Nimemwambia. Analia. Anasema nitakuwa nimekuruka kama mtu aliyekufa." Alishusha begi. "Sasa nifanye aje? Nikae na mila, mtoto aende? Mama mkwe ameshasema siku ya kuja. Ameshalipa hata nauli."

Nilijua maana yake. Akijenga kabla yangu, nyumba yake itasimama, lakini mimi nitakuwa nimehesabiwa kama sipo. Watu wangemwogopea mtoto wake kwa kila homa. Kila jambo baya likitokea pale bomani lingerudishwa kwenye lango lile. Mama angeishi katikati ya nyumba mbili za vijana wasiozungumza. Yeye pia alijua. Ndiyo maana alikuja kwa miguu kuniambia badala ya kupiga simu.

Nilimwongoza nyuma ya karakana. Alikuwa hajui habari ya mabati, kwa sababu sikumwambia. Niliogopa kumpa neno jingine la kungojea. Aliyatazama, akainua moja kwa kidole, akalipima unene kwa macho ya fundi wa chuma.

"Ni zako?"

"Ni zangu."

"Hizi zote?"

"Hizi tu."

"Hizi zinatosha nini?" Alifikiri. "Choo. Na mtu asiwe mnene."

Fundi alikuwa ametufuata. "Msinitaje," alisema.

Mdogo wangu alicheka, safari hii kwa mdomo. Nami nikaona kwamba bado angeweza kucheka nami, na hilo likanisumbua kuliko kama angenitukana.

Fundi ndiye aliyetuambia kwamba mwenye ploti ya pili anabomoa nyumba za wapangaji ajenge ghorofa, na mabati ya zamani yanauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Yana matundu ya misumari, alisema, na kutu pembeni, lakini ukutani bati la zamani halina kosa. Paa liwe jipya, kuta ziwe kuukuu. Alisema hivyo akarudi kwenye kitambaa chake, akatuacha.

Mdogo wangu alinitazama. Niliona akingoja. Tangu utotoni alikuwa anangoja namna ile, mdomo umefunguka kidogo. Akilini mwangu nilitafuta zile namba ambazo hukaa kando ya kila jambo. Niliona kijiji kinachongojea paa jekundu. Niliona nyumba ya mabati ya kutu, chumba kimoja, isiyo na kioo, na watu wa kanisani wakipita wakijifanya hawaoni. Hayo yote niliyaona vizuri. Lakini namba hazikuwepo.

"Naenda kujenga na haya," nikasema.

"Watu watacheka, bro."

"Wacheke."

"Si watacheka kidogo. Watacheka mpaka Pasaka."

"Wewe unataka kupita ama hutaki?"

Alifunga mdomo. "Nataka," akasema.

Tulinunua yale makuukuu kwa pesa za kazi yangu ya wiki zilizobaki, ambazo fundi alizitoa kabla sijaifanya, pamoja na kitu kidogo alichoongeza mdogo wangu. Fundi alisema ndio mshahara wangu wa mapema na kwamba nitavua viti mpaka nizeeke. Jumapili tulikaa kwenye uwanja wa karakana tukiziba matundu. Lami ilichemka kwenye kopo juu ya jiko la makaa. Mimi nilisimama nyuma ya bati nikalielekeza kwa jua, nikamwambia mahali ninapoona mwanga, naye mbele akagonga kwa kidole, akapaka kwa kijiti.

"Kushoto. Chini. Hapo."

"Hapa?"

"Huko ni kutu. Hapo, karibu na kidole chako."

"Sema kidole gani, mimi niko na kumi."

Tulifanya hivyo mpaka mchana. Mtoto ameanza kuketi, aliniambia, lakini akiketi anaanguka upande mmoja tu, wa kulia, kila siku ni wa kulia. Mama yake amemwekea mto upande huo. Nikasema vizuri. Tukaendelea. Kisha, bila kuchungulia upande wangu wa bati, akaniuliza.

"Siku ile ziliisha, ulisikia aje?"

"Sikusikia kitu."

"Kitu chochote?"

"Kitu chochote."

Alipaka tundu moja, akapaka la pili. "Mimi nilisikia," alisema.

Nilihamisha bati kidogo ili jua lipige upande ambao hatujaufanya.

Ninaandika haya nikiwa Kawangware, ambako bado navua viti. Fundi ameanza kunipa mikono ya viti niivalishe mwenyewe, akiniacha peke yangu na mteja. Bado hanilipi kwa simu. Sasa nanunua mbao badala ya mabati. Siwezi kusema nimepona. Sijui kama huu ni ugonjwa unaopona au ni mguu mfupi ambao mtu hujifunza kutembea nao. Asubuhi zingine chai ina ladha. Zingine haina, nami nainywa.

Tulisafiri wiki moja kabla ya Krismasi, mabati yakiwa yamefungwa juu ya basi pamoja na magodoro ya watu. Baba mdogo, ndugu yake baba, ndiye aliyesimika nguzo ya kwanza, kama inavyotakiwa, na nyumba ikasimama siku ile ile. Haikuhitaji siku nzima. Majirani walikuja. Mzee mmoja aliizunguka mara moja, akagonga ukuta kwa fimbo mahali palipokuwa na lami.

"Hii ndiyo ile ya rangi?" akauliza.

"Rangi iko," mdogo wangu akamjibu. "Nyeusi, nyeusi, nyeusi." Akamwonyesha viraka kimoja kimoja.

Watu walicheka kweli. Nilisimama kando ya mlango nikiwasikia. Uso wangu ulipata moto, masikio yakapata moto, na nikashangaa kidogo, kwa sababu ilikuwa muda mrefu tangu nisikie kitu chochote usoni. Baba mdogo alisema nyumba ina paa na mlango, kwa hiyo ni nyumba, na atakayecheka zaidi akamwonyeshe yake. Mama alileta mkeka wa kulalia na taa. Aliukunjua, akaupanga, akautoa vumbi ambalo halikuwepo, akatoka.

Ilinibidi nilale humo usiku ule, la sivyo mdogo wangu asingeruhusiwa kuanza. Nililala.

Kabla jua halijatoka vizuri, alipiga bati kwa ngumi upande wa kichwa changu.

"Umelala?"

"Nimelala."

"Ndani? Mpaka asubuhi?"

"Mpaka sasa. Umeniamsha."

Nilisikia akiondoka. Nilipofungua mlango, umande ulikuwa baridi sana chini ya nyayo zangu. Yeye alikuwa ameshafika upande wa pili wa lango na jembe, amevua shati, anachimba. Baba mdogo alikuwa bado anakuja njiani akifunga vifungo na kumpigia kelele amngoje. Hakumngoja. Nilivuka, nikachukua nguzo iliyokuwa imelala kwenye nyasi, nikaisimamisha kando ya shimo ili shimo likifika kina iwe tayari.

"Shika sawasawa," aliniambia, bila kuinua kichwa.

Nikashika.